Dozi za Desemba

Jumatatu, 3 Machi
Kliniki saa moja na nusu. Chai, kisha seva. Taa zote kijani. Ripoti inasema nakala ya akiba ya jana imekamilika. Nimetia sahihi kama kila Jumatatu. Watoto kumi na tisa wa kifafa leo. Nesi Tabitha amelalamikia kiti chake tena.

Jumatano, 5 Machi
Stima ilipotea saa nne, ikarudi kwa kishindo. Seva imekufa. Harufu ya plastiki iliyoungua. Sikuogopa. Nimeajiriwa kwa ajili ya siku kama hii. Nimewasha mashine ya pili nikaanza kurejesha rekodi kutoka kwenye akiba.
Kufikia saa kumi zimerudi. Majina, simu za wazazi, dozi. Tabitha ameshukuru.
Kabla ya kutoka nimechungulia dozi. Ni za Desemba. Hakuna hata moja ya mwaka huu.

Alhamisi, 6 Machi
Nimepata sababu. Januari tulihamishia dozi kwenye programu mpya. Ina hifadhi yake yenyewe, na hifadhi hiyo ilipaswa kuunganishwa na mfumo wa akiba. Unaichagua kwenye orodha, unaipa ratiba, basi. Dakika kumi. Sikufanya. Kwenye fomu niliweka tiki kwamba nimefanya. Ilikuwa Ijumaa jioni na nilitaka kwenda nyumbani.
Ripoti za kila wiki hazikudanganya. Mfumo ulinakili ulichopewa.
Fomu iko kwenye faili langu. Karatasi moja. Ikipotea, nani atajua? Nimekaa na wazo hilo siku nzima. Sijamwambia mtu.

Ijumaa, 7 Machi
Nimempelekea Daktari Chelimo fomu. Kliniki ni yake. Amesoma, akavua miwani.
"Jerotich, dozi ya mtoto mmoja huweza kunichukua miaka miwili kuipata."
Nikasema najua.
"Ni wangapi wamebadilishiwa tangu Januari?"
Sitini na wanne, nikajibu, kwa alama za daftari la miadi.
"Basi anza kupiga simu."
Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

Jumatatu, 10 Machi
Simu tangu asubuhi. Kila mzazi namwomba anisomee kibandiko cha chupa ya dawa. Wanasoma polepole, tarakimu moja moja. Koo linauma.
Mama Abdia hakutaka simu. Amefunga duka lake la vitambaa hapo mjini, akaja na chupa mbili ndani ya leso. Abdia hajaanguka tangu abadilishiwe dawa.
"Mmepoteza ya mwanangu?"
Nikamwambia ndiyo, na ni mimi niliyepoteza.
"Andika sasa. Nikiona."
Nimeandika. Amesoma skrini mara mbili, akaenda.

Jumatano, 12 Machi
Sitini na watatu tayari. Amebaki Kelvin, miaka saba, wa Kesses. Simu ya mamake imezimwa. Nikafungua kitabu cha dawa tulichoanzisha seva ilipokufa, labda kina kitu.
Kina. Alikuja Alhamisi, dawa zikiwa zimemwishia. Tabitha akampa kwa rekodi iliyokuwa mbele yake. Ya Desemba. Nusu ya anayopaswa kumeza. Mimi nilikuwa chumba cha pili, nikiangalia fomu.
Nimechukua boda hadi Kesses. Nimeulizia kwenye nyumba za kukodisha za wanafunzi hadi nikampata mamake. Huwapikia wanafunzi githeri. Kelvin alikuwa amelala, mkono wa kushoto umefungwa kitambaa. Ameanguka mara mbili tangu Jumamosi. Ya pili, karibu na jiko.
Mamake ameniambia, "Nilipoona wamempunguzia, nilifikiri anapona."
Nikamweleza. Yote, hadi tiki. Amezima moto, akamvisha mtoto sweta. Chupa ya zamani, ile ya kabla ya Alhamisi, ilikuwa dirishani, imetiwa mafuta ya kujipaka. Kibandiko bado kinasomeka. Nimeibeba, tukarudi kliniki sote watatu.
Daktari amemrudishia dozi yake jioni hiyohiyo. Mkono utapona, anasema. Tabitha amelia chooni. Nimemwambia kosa si lake. Amesema anajua, na kwamba hilo halisaidii.

Ijumaa, 14 Machi
Barua ya onyo. Nimeisoma na kuitia sahihi. Ni ya haki. Nilitarajia kufukuzwa na nusu yangu ilitaka.
Hifadhi ya dozi nimeiunganisha. Kisha nikairejesha yote kwenye kompyuta tupu. Tabitha akasoma dozi kwa sauti kutoka kwenye karatasi, mimi nikifuata kwenye skrini. Saa mbili nzima. Tutafanya hivyo kila Ijumaa. Hakuna aliyeweka tiki hadi jina la mwisho.

Jumatatu, 24 Machi
Watoto ishirini na wawili. Kelvin amekuja. Kitambaa kimetolewa, ngozi mpya ni laini na nyekundu kidogo. Wiki moja na siku tano bila kuanguka.
Mamake amemsalimia Tabitha. Mimi hakunisalimia. Nimewafungulia mlango, wakapita.