Tulioshika Mkia

Jumatatu, 12 Januari
Chai, kengele, mahudhurio. Walimu wawili hawajarudi kutoka likizo. Matokeo ya kidato cha nne yamebandikwa langoni. Tumeshika mkia. Ijumaa yatasomwa barazani, shule moja moja, na kila mwalimu mkuu asimame ajieleze. Yaani mimi.

Jumanne, 13 Januari
Nimepiga hesabu mara tano. Wale watatu wenye E ndio waliotuzamisha. Muhula mzima walikuwa malishoni. Mvua ilinyesha mbali, familia zikahama na ngamia. Naibu wangu alinishauri niwaache huko. Wangekosa mtihani, wasingehesabiwa. Mimi, mjuaji, nikatuma bodaboda ziwalete. Mmoja wao, Fatuma, bodaboda ilimkosa, akaja kwa miguu siku mbili. Wema umeniponza.

Jumatano, 14 Januari
Mwenyekiti wa bodi ni adeer yangu, ndugu wa baba. Kaja na taarifa iliyokwisha kuchapwa: watatu hao si wanafunzi wetu, walifanyia mtihani hapa tu.
"Weka sahihi, bas. Hii watoto tatu wameharibu jina ya shule."
Ukishika mkia mara mbili unaondolewa. Hii ni ya kwanza. Nikikataa, nimemwaibisha adeer na ukoo mzima. Nikikubali, nimemkana Fatuma. Nimesema nitafikiri. Uoga mtupu.

Alhamisi, 15 Januari
Sili. Mke wangu anauliza, namfokea bure. Taarifa bado haina sahihi.

Ijumaa, 16 Januari
Baraza baada ya swala. Nikasimama. Ofisa wa elimu akauliza sababu. Taarifa ya adeer mfukoni. Upande wa wanawake nikamwona Fatuma, amejifunika uso. Nikasema ni wanafunzi wangu, niliwaita mimi. Adeer akainuka, akaenda zake.
Hapa kila mtu huitwa kwa kasoro yake. Kufikia alasiri nilikuwa Mkia. Hata watoto wa chekechea wananiita hivyo.

Jumapili, 18 Januari
Adeer hapokei simu yangu.
Asubuhi Fatuma kaja nyumbani na baba yake, na kibuyu cha maziwa ya ngamia. Anataka kurudia kidato cha nne. Baba mtu mkweli: mvua ikinyesha mbali watahama tena, hawezi kuahidi kitu.
Nimekunywa maziwa. Yana harufu ya moshi, kama ya mama. Kisha nikafungua rejista ya watahiniwa wa mwaka huu. Ilikuwa tupu bado. Nikaandika jina lake.