Salamu kwa Walio Chini

Machimbo ya Mwalusaka,
Kupitia duka la Nazir, Kahama.
16 Novemba 1997

Mpendwa shangazi Scolastika,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na kuku wako na ile taipureta ya mahakamani inayokuvunja mgongo. Mimi ni mzima, ila hii mvua wanayoiita El Nino inatumaliza. Kibanda changu kinavuja kila mahali isipokuwa pale nilipoweka ndoo.

Shangazi, gazeti langu limechanwa. Unalijua: lile bango la manila ninaloliandika kwa maka peni na kulibandika kwenye ukuta wa mgahawa wa Paskalia. Bei ya dhahabu, nani kapotelewa na baiskeli, kisima gani kinaumiza matumbo. Safari hii niliandika kwamba duara la Bosi, lile shimo lake la dhahabu, limetitia na watu watatu wako chini: Mabula, Ngassa, na mgeni mmoja aliyekuja juzijuzi. Paskalia aliwauzia chai asubuhi ile na akawaona wakishuka. Bosi anasema hakukuwa na mtu, kwamba wamehamia machimbo mengine, na vijana wake wameanza kulifukia. Mkuu wa kituo cha polisi alilichana bango mbele ya watu. Akasema nimechapisha gazeti lisiloandikishwa, na nikirudia nitalala ndani.

Ndugu za Mabula na Ngassa wanachimba kwa Bosi huyohuyo, wamefunga midomo. Huyo wa tatu hakuna ajuaye jina lake. Tulimwita Mgeni naye akaitika. Linaniuma hilo, mtu kufukiwa bila hata jina. Wewe unakaa na mahakimu kila siku, niambie: bango la manila ni gazeti?

Mwanao,
Athanas

*

Ibadakuli, Shinyanga.
27 Novemba 1997

Mpendwa mwanangu Athanas,

Marahaba. Mimi sijambo, mgongo ndio huohuo. Kuku wawili wamekufa kwa baridi, na yule jogoo uliyemwita Hakimu bado anatoa hukumu kabla hakujapambazuka.

Nimeisoma mwenyewe Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976. Imeandikwa kwa upana kiasi kwamba polisi akitaka, bango lako ataliingiza humo na wewe nyuma yake. Utasema Katiba inakupa uhuru wa kutoa mawazo yako. Ni kweli, Ibara ya 18, lakini imeanza na maneno "bila ya kuathiri sheria za nchi." Ni kama mtu akupe mbuzi halafu abaki na kamba mkononi.

Na hao watu watatu, hakimu hafungui shauri kwa uvumi. Aje ndugu, aape kwamba mtu wake kapotea, na awepo shahidi aliyemwona akishuka. Hapo wataamuru pafukuliwe. Bila ndugu hakuna kitu. Kwa hiyo acha, mwanangu. Marehemu kaka yangu aliniachia mtoto mmoja tu.

Nakuandikia huku redio ikisoma kadi za salamu. Watu wa nchi hii wanasalimiana hadi wanachosha, wa Magu anamsalimu wa Nzega, wa Nzega anawasalimu wote wanaomfahamu. Nimekaa na redio hii tangu enzi za baba yako na hakuna aliyewahi kunitaja hata kwa bahati mbaya. Kama mkono unakuwasha sana, andika salamu. Hilo bado serikali haijalitungia sheria.

Shangazi yako,
Scolastika

*

Mwalusaka.
21 Desemba 1997

Mpendwa shangazi,

Shikamoo. Habari za mgongo, na pole kwa kuku. Mimi ni mzima wa mwili.

Nimekusikiliza kuliko ulivyotaka. Nilikwenda Kahama nikanunua kadi za salamu dukani kwa Nazir, naye akaniuliza kama nimepata mchumba. Nikajaza hivi: "Ni mimi Mchimbaji wa Mwalusaka. Nawasalimu Mabula, Ngassa na Mgeni, wote wa duara la Bosi, Mwalusaka. Ujumbe: tunajua mliko."

Ilisomwa mchana, mgahawa wa Paskalia ukiwa umejaa. Hapa kwetu mtu akitajwa kwenye salamu hunyanyua mkono na kusema "zimefika," na watu hucheka. Majina yakasomwa. Hakuna aliyecheka. Ndipo tukasikia kutoka upande wa duara: ngo, ngo, ngo. Kila mchimbaji anaijua ile sauti, ukitaka kuvutwa juu unagonga matimba, zile nguzo za duara, mara tatu. Shangazi, lile duara lilikwisha kufukiwa zamani. Nilijisemea ni udongo unashuka kwa ajili ya mvua. Kadi yangu ya pili iliposomwa, udongo ukashuka tena vilevile.

Sasa Bosi amekataza redio mchana machimbo yote. Na polisi hana la kunishika nalo, maana nimesalimia tu.

Kuhusu Mgeni, aliacha begi lake kwa Paskalia, limefungwa kwa kamba ya katani. Huenda mna karatasi yenye jina. Paskalia hataki lifunguliwe, anasema begi la aliye chini hufunguliwa na wa damu yake na si mwingine. Nimembembeleza hadi nimechoka. Ndugu zake hawamwogopi Bosi kwa sababu hawamjui. Tukilipata jina, ndugu atasikia redioni na atakuja mahakamani kwako.

Mwanao,
Athanas

*

Ibadakuli.
8 Januari 1998

Mwanangu Athanas,

Sina nafasi ya kukuuliza hali.

Jana nilikuwa napepeta mchele, redio inasoma salamu. Nikasikia: "Ni sisi wa Mwalusaka. Tunawasalimu Mabula, Ngassa, Mgeni na Athanas, wote wa duara la Bosi. Ujumbe: nafasi yako ipo." Nikadhani nimesikia vibaya. Jirani yangu Vumilia akaniuliza kutoka ng'ambo ya ukuta, si Athanas wako huyo?

Ungo ulinitoka mikononi. Naogopa, na najilaumu, maana neno la salamu lilitoka kwangu. Kadi huchukua majuma kufika Dar es Salaam na kusomwa, kwa hiyo aliyeiandika alikwisha kukupangia muda mrefu. Acha kila kitu huko, acha hata ndoo. Panda basi uje.

Shangazi yako

*

Mwalusaka.
18 Januari 1998

Mpendwa shangazi,

Shikamoo. Usinililie, mimi ni mzima na nakuja.

Nilijificha kwa Paskalia kusikiliza, nikajisikia natajwa. Nilisema "zimefika" kabla sijajizuia, ni mazoea tu. Kadi ile sikuandika mimi. Nazir anasema vijana wa Bosi walinunua kadi kwake kabla ya Krismasi, basi mambo ni hayo, wamejifunza kazi yangu. Paskalia hakubali. Anasema vijana wale hawajui kuandika. Nimeamua kumwamini Nazir, maana hilo angalau lina dawa, ambayo ni basi la Ijumaa.

Limebaki jambo moja. Wachimbaji wa zamani husema ukisimama mdomoni mwa duara ukamwuliza mtu jina lake, atakwambia, kwa sababu hakuna anayependa kulala bila jina. Usicheke. Bango wamechana, redio wamekataza, nimebakiwa na mdomo. Alhamisi mchana nitapita pale nimwulize Mgeni, ili nikija kwako nisije nimeacha kazi nusu. Hata asipojibu, nitakuwa nimeuliza.

Niwekee michembe, vile viazi vikavu vya kuchemshwa na karanga.

Mwanao,
Athanas

*

Ibadakuli.
15 Februari 1998

Mwanangu Athanas,

Sijui nikusalimu vipi. Michembe nilichemsha Ijumaa ile. Nikachemsha na Ijumaa iliyofuata.

Nilikuja huko mwenyewe. Mkuu wa kituo aliniandalia kiti, akaniita mama, akaniambia umehamia machimbo mengine. Nikaenda kwa Bosi, naye akasema hivyohivyo, neno kwa neno. Mvua ilikwisha kukatika lakini juu ya duara udongo ulikuwa mbichi. Nilisimama pale nikakuita, kwanza kwa sauti ya kawaida, kisha kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Vijana waliokuwa wanapiga mawe waliinamisha vichwa.

Hakimu nimemwendea. Mimi ni ndugu, na niko tayari kuapa. Akaniuliza kwa upole, nani alimwona akishuka? Hakuna, Athanas. Hakuna aliyekuona. Sheria ninayoipiga chapa kila siku imeniangalia usoni kama mtu asiyenijua.

Barua hii naituma kwa Nazir. Aliniahidi ataiweka juu ya rafu, isichanganyike na za wengine.

Shangazi yako

*

Ibadakuli.
22 Machi 1998

Mpendwa mwanangu Athanas,

Marahaba.

Utauliza naitikia shikamoo ipi. Juzi mchana redio ilikuwa inasoma salamu, nami sikuwa nasikiliza, tangu Januari siipendi saa ile. Mtangazaji akasema: "Ni mimi Athanas Bujiku wa duara la Bosi, Mwalusaka, nikiwa pamoja na Mabula, Ngassa, na Sostenes Luhende wa Songwa. Namsalimu shangazi Scolastika wa Ibadakuli. Ujumbe: shikamoo."

Nilisimama. Miaka yote ile nililalamika hakuna anayenitaja. Nikanyanyua mkono peke yangu sebuleni, nikasema zimefika, na marahaba baba, na kulia nikalia.

Jana alikuja mahakamani mama mmoja kutoka Songwa, aliyesikia salamu ileile na kuelekezwa kwangu, amefunga kanga kichwani, anauliza nani wa Mwalusaka anayemfahamu mwanawe Sostenes. Niliondoka kwenye mashine nikamshika mkono. Nikampelekea habari Paskalia kwa kondakta wa basi, na leo, ingawa ni Jumapili, hakimu amekubali kutusikiliza. Mama ameapa kwamba mtoto wake kapotea. Paskalia ameapa kwamba alimwona akishuka. Hati za kiapo nimezipiga chapa mimi mwenyewe. Kesho Jumatatu wanafukua. Wakimtafuta Sostenes, watawakuta wote.

Nilijiambia ulilipata jina kwenye begi, ukaandika kadi kabla ya Alhamisi ile, na posta ikachelewa. Nililishika wazo hilo kwa mikono miwili. Lakini Paskalia alikuja na begi. Aliliweka mezani mbele ya hakimu, na fundo la katani lilikuwa limekauka na kushikana na vumbi, mama wa watu akalihangaikia hadi akalikata kwa wembe. Ndani mlikuwa na shati, sabuni na cheti cha ubatizo chenye jina lake. Hakuna mkono uliowahi kugusa mle, Athanas.

Basi alikujibu. Sitauliza ulikuwa umesimama wapi alipokujibu.

Barua hii siipeleki kwa Nazir. Nitaileta mwenyewe kesho, pamoja na michembe.

Shangazi yako,
Scolastika