Maji Moto ya Kope Zako

Mama Ramesh,

Umekaa sana. Tangu baridi ile mpaka mahindi ya jirani yangu Bahati yamevunwa hukuja hata mara moja, na juzi ulipokuja ndotoni ukanipita hapo mlangoni mwa duka lako kama hunijui. Niliamka na hasira. Halafu nikakumbuka kwamba huna vioo vyako, nikalia.

Mimi sikwenda shule, unajua. Karani wa kanisa ndiye anaandika, na nimemkataza kunyoosha maneno yangu.

Vile vioo vya kuvaa ndani ya jicho, alivyokuletea kaka yako kutoka Uingereza, ulivipenda kuliko dhahabu. Nikifua nyuma ya duka, wewe unanionyesha ndege aliye juu ya paa la stesheni. Halafu kope zikaanza kuwasha. Asubuhi unaamka zimeshikana, zina magamba kama pumba, na ukivaa vioo macho yanakuwa mekundu, machozi yanashuka. Ukapaka wanja wa masizi na samli ili zitulie, kama mama yako alivyokufundisha. Zikazidi.

Daktari akang'oa ukope mmoja, akautazama kwa darubini, akasema kuna wadudu wadogo wanaokaa kwenye mashina. Karibu kila mtu anao, wa kwako wamezidi tu. Acha wanja, acha vioo, osha kope kila siku kwa maji moto mpaka zipone. Ukalia kutwa nzima kwa aibu. Nikakuambia wadudu hao wana akili, wamechagua nyumba nzuri. Ukanichapa na kitambaa.

Wanja ulikubali kuacha. Vioo ulikataa. "Bila hii kioo, wewe na gunia ya mahindi ni moja tu." Basi kila asubuhi nikawa napaza sauti mlangoni: "Ni mimi, si gunia." Ukacheka, ukaviacha. Tukakaa jikoni, kitambaa cha moto juu ya kope zako, mimi nasugua mashina, wewe unalalamika: "Polepole, wewe. Hii ni jicho, si sufuria."

Zikapona, Mama Ramesh. Safi kama za mtoto. Daktari akakuruhusu kuvaa vioo tena, na kabla hujavaa, homa ya kifua ikakuchukua. Hukuuona tena uso wangu vizuri. Hilo ndilo linanila.

Wakwe zako walikuosha wao, ndiyo desturi yenu, siwalaumu. Mimi nilisimama mlangoni na bakuli langu mpaka maji yakapoa. Nilitaka kope tu. Kope tu. Kisha wakakuchoma, majivu yakaenda mtoni, na mimi sina hata kaburi la kupalilia.

Siku hizi mke wa Ramesh ndiye anafungua duka. Bado nafua. Bado nachemsha maji asubuhi, halafu nakaa nayo tu, sijui ya nani. Sasa hata kope zangu zinawasha. Naziosha mwenyewe, vibaya, na hakuna mtu wa kunigombeza.

Lala vizuri, mama. Nakuahidi sitakununia tena. Lakini ukija, usinitafute kwa macho. Simama hapo mlangoni, usikilize. Nitasema: ni mimi, si gunia.