Panya Wasioachana

Tarime, 2 Machi 2025

Mwanangu Ghati,

Pokea salamu za baba yako. Mimi sijambo, ni goti tu linalonikumbusha umri kila nikipanda kilima cha kanisani. Mvua imeanza na mahindi yameota vizuri. Wewe je, baridi ya huko Marekani imekuachia?

Barua hii naiandika kwa mkono kama kawaida, kisha naipeleka steshenari kwa Mama Ombeni, yule mjane wa jirani na kanisa, naye anaipiga picha na kukutumia. Zako anazichapa na kunisomea, kwa kuwa miwani yangu imevunjika mkono na sina haraka ya kuitengeneza.

Sasa nieleze vizuri. Watu wananiuliza binti yako anafanya kazi gani Maryland, nawaambia analea panya. Wanacheka hadi wanakaa chini. Ghati, mimi nimetunza ghala la ushirika miaka thelathini na moja. Panya niliowaua hawana idadi. Leo mtoto wangu wa kumzaa anawapa chakula na kuwatandikia! Wana nini hao panya?

Ukishanijibu, nami nina jambo la kukushirikisha. Si baya.

Baba yako.

*

Langley Park, 9 Machi 2025

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, baridi inaondoka kwa kunung'unika. Barabara yetu imechimbwa kwa ajili ya reli mpya na mabasi yanajaa, lakini kazini nafika. Wamaitha, Mkenya ninayeishi naye, anakusalimu sana.

Umenichekesha hadi chai ikanipalia. Hawa si panya wa ghalani, baba. Ni panya wa mbugani, wanene, mkia mfupi, manyoya rangi ya udongo. Sifa yao ni kwamba dume akishampata jike wake, wanaishi pamoja na kulea pamoja. Tunamweka mmoja kwenye sanduku la vyumba vitatu: upande huu mwenzake, upande ule mgeni. Anaachiwa achague. Mimi nakaa saa tatu nzima nikihesabu dakika, na karibu kila mara anakwenda kumlalia mwenzake. Mmoja akiogopeshwa, mwingine anamlamba hadi atulie. Wataalamu wanatafuta ndani ya ubongo ni kitu gani kinachowafunga hivyo.

Na linalonishangaza kuliko yote, mmoja akifa, wengi wao hawachukui mwingine. Anabaki peke yake mpaka mwisho. Nilipoambiwa hivyo niliwakumbuka wewe na marehemu mama, nikajivunia wazazi wangu.

Haya, jambo lako ni lipi?

Binti yako, Ghati.

*

Sirari, 27 Aprili 2025

Mwanangu Ghati,

Salamu. Sijambo. Mahindi yamefika kifuani.

Samahani kwa kukawia. Barua yako ilisomwa nikaielewa. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. Wala sikulaumu, umesema kwa adabu. Kama panya asiye na ubatizo anamheshimu mwenzake aliyekufa, itakuwa mimi? Lile jambo halipo tena.

Siku hizi barua nakuja kuzituma huku Sirari. Miwani nimeitengeneza, najisomea mwenyewe.

Baba yako.

*

Langley Park, 28 Aprili 2025

Baba yangu,

Shikamoo. Mwili mzima, ila tangu jana sijatulia. Barua hii naituma kwa Mama Ombeni makusudi, siyo Sirari.

Ulivyoandika sikuelewa hata kidogo. Fumbo gani tena? Nikampa Wamaitha barua zote tatu asome. Akamaliza, akashika kichwa: "Aki Ghati! Si mzee alikuwa anataka kuoa huyo mama wa steshenari, na wewe ukamblock na panya!"

Baba, haki ya Mungu sikufumba kitu. Niliandika panya nikimaanisha panya. Nikamfikiria huyo mama akikusomea kwa sauti, neno kwa neno, mpaka pale "peke yake mpaka mwisho". Nilitamani ardhi inimeze.

Sitakudanganya, nililia. Ni miaka mitano tangu mama aondoke, na moyoni nilikuwa nimekuweka pale pale kwenye kiti chako, unanisubiri nirudi. Sikuwahi kujiuliza unakula na nani. Nilipomaliza kulia nikajikuta nimefurahi, na bado nimefurahi hadi sasa ninapoandika.

Tena habari ya panya sikuimaliza. Niliandika wengi, sikuandika wote. Tunaye dume mmoja, namba kumi na sita. Jike wake alikufa Novemba. Alijikunja pembeni, chakula hakimalizi. Tukamletea jike mwingine, akamgeuzia mgongo wiki tatu. Wiki ya nne nikafika asubuhi, nikawakuta wamelala wamebanana. Kama amemsahau wa kwanza sijui, kipimo cha hilo hatuna. Ila siku hizi anakula.

Mama Ombeni, najua unayasoma haya kabla ya baba. Nisamehe. Barua zote hizi zimepita mikononi mwako na sijakusalimu hata mara moja.

Shikamoo, mama.

Binti yenu, Ghati.

*

Tarime, 18 Mei 2025

Mwanangu Ghati,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Goti limepona, au nimelisahau. Mahindi mabichi tumeanza kuchoma.

Barua yako ililetwa mpaka nyumbani, maana steshenari nilikuwa sikanyagi. Mwenye duka alisimama mlangoni akasema, "Mzee, kuna barua ya panya wako. Safari hii jisomee mwenyewe." Nikamwambia miwani imevunjika. Akanitazama, nimeivaa. Alicheka huyo, mpaka nikampisha aingie akae.

Padri tumeshamwona. Ndoa ni Agosti, baada ya mavuno. Omba likizo mapema. Wamaitha mwambie ana kiti cha mbele kabisa, maana pasipo yeye ningezeeka kwenye barabara ya Sirari.

Na huyo namba kumi na sita muongezee chakula. Sikujua kama nitakuja kusema neno hilo juu ya panya.

Hapa chini pamebaki nafasi, na mwenye duka ananiomba kalamu.

Baba yako.

Marahaba, mwanangu.