Lenzi Niliyoichagua kwa Ubishi

Dada yangu,

“Mawe na nyota havina shukrani. Nunua lenzi ya kupiga picha za watu, watu watakulipa.” Hayo ndiyo uliyoniandikia, ukayapigia mstari mara mbili kana kwamba wino ni hoja. Kabla sijayabomoa, shikamoo. Natumaini goti limetulia, studio inapata wateja, na wapwa zangu wawili wameacha kugombania simu. Sisi huku tunasukuma siku. Wifi yako anakusalimu, na anasema siku utakayonishinda kwa hoja atakushonea gauni bure.

Sasa kazi. Sikukuuliza nitalipwa nini. Nilikuuliza lenzi gani inafaa kupigia milima na anga la usiku, ukanijibu kama mtu aliyeulizwa njia ya hospitali akaelekeza sokoni. Unasema lenzi yako ya milimita hamsini, iliyopiga picha za pasipoti za nusu ya mji, inafungua tundu kubwa zaidi, kwa hiyo inameza mwanga zaidi. Ni kweli, nakukubalia bila kinyongo. Lakini dunia inazunguka, Dada, hata ukiikasirikia. Kwa lenzi yako, ukiacha kamera wazi zaidi ya sekunde kumi, nyota zinavutika na kuwa michirizi, kama mvua kwenye kioo. Lenzi pana ya milimita kumi na nne inavumilia sekunde ishirini na tano na nyota zikabaki nukta. Tena inachukua mlima wote pamoja na anga juu yake. Yako ingenipa jiwe moja na kipande cha wingu.

Basi nikaenda dukani. Muuza kamera ni mama mmoja mwenye miwani mbili, moja machoni, nyingine kichwani. Alianza na lenzi ndefu ya kuvuta, akasema hiyo inamfikia jirani hata akifunga pazia. Nikamwambia jirani yangu namwona vya kutosha. Ndipo akatoa lenzi pana mbili. Moja inajifokasi yenyewe, yaani inajitafutia ukali wa picha bila kuguswa. Alikiri kwamba hata hiyo hubabaika gizani, ila ikipata mwezi au taa ya mbali inashika. Ya pili fokasi yake ni ya mkono tu: unaitazama nyota kwenye skrini, unazungusha pete ya lenzi polepole mpaka nyota iwe ndogo kabisa. Alinishauri nichukue ya kwanza. Mimi nikamhutubia nusu saa, kwamba mashine inayomfikiria mtu ndiyo inayomfanya mjinga, na kwamba nimeandika makala miaka ishirini bila kushikwa mkono. Akasema haya mzee, chukua. Hilo neno mzee lilinichoma, nikaichukua ile ya mkono.

Picha za mchana, kutoka kile kilima nyuma ya kiwanda cha matofali, zimetoka safi. Naambatanisha moja, usijifanye hujaiona. Za usiku zilikuwa aibu. Nilipanda na wifi yako mara nne, yeye kashika tochi, na mara nne nikarudi na madoa kama maziwa yaliyomwagika.

Nimekuzungusha vya kutosha. Ukweli ni kwamba sizioni nyota. Zilianza kunipotea mwaka jana, nikalaumu moshi. Unaikumbuka ile makala yangu iliyowachana wenye viwanda kwamba wametuibia anga? Mliisoma, mkanipigia simu kunipongeza. Mara ya nne kilimani, wifi yako aliniuliza kwa upole nyota ninayoitafuta ni ipi, maana yeye alikuwa anaziona mpaka anashindwa kuhesabu. Kesho yake alinipeleka kwa daktari wa macho. Retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, inakufa taratibu, inaanzia pembeni. Kuona gizani ndiko kunakotangulia kuondoka, kuona mchana kutafuata baada ya miaka. Wenye viwanda nitawaomba nusu radhi. Moshi wao bado unanuka.

Mara ya tano kilimani, pete aliizungusha wifi yako. Skrini ikajaa nyota, Dada. Nilizitazama mpaka betri ikaisha.

Lakini sikukuandikia barua hii unihurumie. Daktari aliuliza nani mwingine katika familia. Nikamtaja mama, alivyokuwa hatoki nje jua likishazama, alivyokuwa akijigonga kwenye meza iliyokaa palepale miaka yote, nasi tukimwita mwoga na kucheka. Hakuwa mwoga. Alikuwa haoni, na hakuna aliyemuuliza. Daktari anasema ugonjwa huu hurithiwa. Nawe, chini kabisa ya barua yako, umeandika kwamba umebadilisha taa za studio mara mbili kwa sababu hazimuliki.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na shemeji mwambie deni lake la kunitembelea liko palepale. Kisha ziache hizo taa. Wewe na wapwa zangu wote wawili, nendeni mkapimwe macho wiki hii. Usiniletee hoja. Niletee karatasi ya daktari.

Ni mimi,
mdogo wako mbishi