Mashine Aliyoiuza Masanja

Nyasubi, Jumanne usiku

Kinyaa bado hakijanitoka. Kaka yangu Masanja ameuza mashine mpya ya kukamua mafuta ya pamba, ile tuliyonunua pamoja ili kiwanda alichotuachia baba kikue. Fedha ameziingiza kwenye duara, shimo la kuchimba dhahabu, huko Geita.

"Mama Neema, dhahabu inalipa haraka," aliniambia, huku akila wali wangu.

Baba alivaa viatu vilivyochanika ili mashine zipate vipuri. Ndiyo maana kiwanda kilidumu, kikatusomesha sote, hata huyu.

Nilimwondolea sahani. "Kaka, weka funguo za kiwanda hapo mezani, uondoke."

Aliziweka.

Sijui kama mashine kuukuu iliyobaki itatufikisha msimu ujao. Ninachojua, hataigusa.