Diwani wa Robanda Amesimama

Baba, shikamoo.

Salamu kutoka Robanda, kwenye mafunzo yetu ya kupasua mifupa na uti wa mgongo wa mbwa na paka. Najua huko Nyamwaga bado unashangaa kwa nini sikusomea ng'ombe.

Mama mmoja wa hapa alituletea mbwa wake, Diwani, anayefukuza nyani shambani kwake. Punda alimpiga teke, miguu ya nyuma ikafa ganzi. Nilimpasua mgongo mimi mwenyewe, mwalimu akinisimamia. Siku zikapita, Diwani amelala tu. Yule mama akaanza kunisalimia kwa sauti ya msibani.

Jana mchana tulikuwa tunakula mbuzi wa kuchoma. Mwalimu aliweka sahani yake chini ili apokee simu. Alipogeuka, akamkuta Diwani anayumba kama mlevi, paja la mbuzi mdomoni. Mpishi akanyanyua mwiko.

"Mwache!" mwalimu akapiga kelele. "Huoni anatembea?"

Yule mama mwenye mbwa, aliyekuwa amekuja kumjulia hali, akapiga vigelegele. Mimi nililia, baba, kisha nikamgawia mwalimu nyama yangu.

Mpe mama pole ya kikohozi. Nawakumbuka kila ninapokunywa uji wa hapa, maana hauna sukari.

Binti yako,
Boke